Wakuu mlioko Dubai, siku ya off mnaishi vipi? Mi mwezi wa nane huu nalala tu

Kijana wa Chumbageni:

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni kijana wa miaka 26, mtu wa Tanga, niko Dubai mwezi wa nane sasa, nafanya kazi stoo kwenye kampuni moja ya mizigo. Nakaa Deira, nimepanga kitanda, wenyewe wanaita bedspesi, chumba kimoja tuko sita, nalipa dirhamu 750 kwa mwezi. Sijaja kulalamika kazi maana mshahara unaingia kwa wakati, nyumbani natuma na mama ameshapaua nyumba, kwa hilo namshukuru Mungu.

Shida yangu ni siku ya off. Siku za kazi zinajiendea, saa kumi na moja asubuhi basi la kampuni lipo chini, mizigo, saa moja usiku uko chumbani hoi unalala. Ila off aisee naiogopa. Kitanda changu ni cha juu, pazia nimefunga, wenzangu watatu ni wa zamu ya usiku kwaiyo mchana wamelala, taa haiwashwi na kuongea kwa sauti huwezi, nabaki na simu usoni mpaka saa nane mchana naangalia status za washikaji wako Raskazone wanaogelea. Kuwapigia nako, simu ya WhatsApp huku haiendi, unatuma voice leo mtu anaijibu keshokutwa.

Kuna wiki off yangu iliangukia Jumapili, nilikuja kugundua toka nimetoka kazini Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi mtu pekee niliyeongea naye ni wa dukani niliyemwambia sihitaji mfuko. Jumatatu dereva wa basi kanisalimia, najibu sauti inakwama, ikabidi nikohoe kwanza. Hiyo kitu iliniumiza sana sijui nieleze vipi.

Wenzangu wa ofisini Jumamosi wanaenda zile brunch za hotelini, nilienda mara moja, dirhamu 350, meza ina watu kumi na mbili wanaongea mambo yao ya miaka ya nyuma, nikala nikarudi. Hela hiyo ni karibu nusu ya kodi ya kitanda changu. Af off yenyewe inahamahama, wiki hii Jumanne, wiki ijayo Alhamisi, kwaiyo hata nikimpata mtu tunapishana.

Tafadhali msinitajie sehemu za kutembea, Burj Khalifa nishapiga picha na zile chemchemi za maji nishaziona. Nauliza WATU. Nyie mliokaa huku miaka mliwapataje watu?

Baharia Mstaafu:

Mdogo wangu pole sana. Mi nimeingia hapa 2013 na mwaka wangu wa kwanza ulikuwa kama huo wako, tena mi nilikuwa kambi ya wafanyakazi kule Sonapur, mbali na kila kitu. Kosa langu lilikuwa kila off naenda sehemu mpya. Leo Marina, wiki ijayo JBR, wiki nyingine Global Village, nikirudi nina picha mia mbili na sina namba ya mtu hata mmoja.

Kilichonisaidia ni abra. We unakaa Deira kwaiyo uko jirani kabisa, shuka mpaka Creek, ile hori ya bahari inayokata mji, kituo cha boti cha Al Sabkha, zile boti za mbao zinazovusha watu kwenda Bur Dubai, nauli dirhamu moja mkononi. Watu wanakaa kwenye benchi la katikati wamepeana migongo, dereva amesimama kwenye shimo lake katikati ya chombo, injini inanguruma na harufu ya dizeli unaisikia mpaka mdomoni, upande ule wa Deira majahazi yamefungwa gatini yamepakiwa matairi na friji mpaka juu. Mi mtu wa pwani, ilikuwa mara ya kwanza toka nifike mwili kutulia. Kwaiyo nikafanya utaratibu, kila off saa kumi na moja jioni navuka, nakunywa chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, kwenye kibanda kile kile upande wa pili, navuka tena narudi.

Wiki ya tano au ya sita hivi, nyuma ya mgongo wangu nasikia mtu anafoka kwenye simu, "we mwambie kontena halijatoka bado, asinichanganye!" Kiswahili safi cha Kariakoo. Niligeuka nikamshika bega kabla hata hajakata simu. Alikuwa mfanyabiashara wa spea, anakuja kununua mtaa wa Naif na kurudi, yeye akanipeleka kwenye mgahawa mmoja nyuma ya Baniyas wanakokaa wabongo na wakenya jioni, na mzee mmoja Muomani aliyezaliwa Unguja ambaye Kiswahili chake kinakushinda wewe na mimi. Mwenye kile kibanda cha chai naye mtu wa Kerala, India, nilikuwa namuona kama mashine ya chai tu, wiki ya tatu alinimiminia kabla sijasema, siku nilipoumwa nikakosa wiki mbili aliniuliza nilikuwa wapi. Huyo alikuwa mtu wa kwanza Dubai kuniuliza nilikuwa wapi.

Kwaiyo ushauri wangu rudi pale pale, saa ile ile. Off ikihama siku, saa isihame. Watu wanaanza kukuzoea kwa sura kabla ya jina.

Sasa hivi tuko kumi na nne, Simba na Yanga zikicheza tunajaza ule mgahawa, mechi ya saa kumi na moja nyumbani huku ni saa kumi na mbili, tunawahi viti. Karibu sana.

Nesi wa Kisauni:

Baharia kasema kweli lakini naongeza upande wetu wa kina dada, maana kukaa mgahawani jioni na wanaume wageni si kila mtu ataweza. Mie ni muuguzi, mwaka wa sita huu, na zamu zetu ni mbaya kuliko off yako ndugu yangu, kuna wiki nalala mchana wiki nzima.

Sisi tulianzia kwenye kukimbia. Mwezi wa Novemba kuna Dubai Run, ni bure, unajiandikisha tu kwenye mtandao. Barabara ya Sheikh Zayed inafungwa magari alfajiri na watu wanaingia maelfu kwa maelfu, kuna kilomita 5 na kilomita 10. Nlienda peke yangu nimevaa leso kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, si unajua mambo ya Mombasa, na ile leso ndo ilonisaidia, kuna dada alikuja mbio kutoka nyuma akisoma jina la leso kwa sauti! Tulitembea tu hatukukimbia, kilomita tano zote tukicheka. Yeye alikuwa na mwenzake Mganda na jirani yao wa Bujumbura. Ndo kundi letu lilipoanza.

Sasa hili la off kuhamahama, skiza. Sisi kila tarehe moja kila mtu anapiga picha rota yake ya zamu anaitupa kwenye kundi, halafu mmoja wetu mwenye subira anakaa anaoanisha. Mwezi mbaya tunakutana mara mbili, mwezi mzuri mara sita. Bila hivo hamtakutana asilani, mtabaki "tutaonana tutaonana" mpaka mtu viza yake inaisha anaenda zake. Wakati wa baridi tunatembea Creek Park, kuingia dirhamu 5 unakata kwa kadi ya nol ile ile ya metro. Wakati wa joto, Juni mpaka Septemba, mchana usijaribu, lakini kuna fukwe za Jumeirah na Umm Suqeim zimewekewa taa kubwa tangu 2023, waogeleaji wa uokozi wapo usiku, maji ni vuguvugu kama ya kuoga. Tunabeba mahamri na mbaazi kwenye hotpoti tunakaa mchangani mpaka karibu na metro ya mwisho, siku nyingi ni saa sita usiku, Ijumaa inafika saa saba.

Jambo moja nawaomba nyote mnaoanzisha makundi. Sisi tumezoea mchango, harusi mchango, msiba mchango. Huku kuchangisha pesa za watu bila kibali ni kosa kisheria, sheria yake ya 2021 imewaachia taasisi zilizoruhusiwa tu. Rafiki yangu alifiwa na babake, nkaandika tangazo nikitaka kulirusha kwa makundi yote ya kazini, mkubwa wangu akaliona akanivuta pembeni akasema futa hivi sasa. Nlilia, nliona ni ukatili. Baadaye nkaelewa alikuwa ananiokoa. Pia usipige picha ya mtu asiyekubali ukaitupa mtandaoni, na matusi kwenye WhatsApp yanakupeleka polisi kweli, si maneno ya kutishana.

Mgeni wa Kyela:

Mi nitatofautiana kidogo na wakubwa hapo juu. Kutafuta waswahili ni sawa, hata mi Kanisa la St. Mary's pale Oud Metha limenipa ndugu. Ila kijana umesema chumbani mko sita. Hao watano unawajua majina? Nyumbani kwao wapi, wana watoto wangapi? Nakuuliza kwa nia njema maana mi nilikaa mwaka mzima na jamaa kitanda cha chini yangu, Mmalayali, yaani mtu wa Kerala, namuita "bro" tu. Siku kafiwa na mama yake nauli ya haraka hana, kakaa sakafuni analia, nataka kumshika mkono jina lake silijui. Nimeishi na hiyo aibu mpaka leo.

Baada ya pale nikaanza na sufuria. Nilikuwa nakula shawarma na mikate kila siku, nikasema off moja kwa wiki nawapikia chumba kizima. Nikakuta muhogo wanaujua! Wao wanauita kapa, wanaula na mchuzi wa samaki mkali balaa, nazi wanakuna kama sisi. Tukaanza kwenda wote Waterfront Market pale Deira kununua samaki, nguru huku anaitwa kanadi, ukienda jioni wanashusha bei. Wakanifundisha kriketi, Ijumaa asubuhi tunacheza kwenye uwanja wa vumbi wa kuegeshea magari, fimbo moja na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu. Sheria zake nilichukua miezi miwili kuelewa lakini mpira ukija upande wangu nadaka na wote wanaimba jina langu.

Na Ramadhani ikifika, hata kama sio Muislamu, jioni nenda kwenye mahema ya futari karibu na misikiti, watu wanakaa kwenye mikeka mistari mirefu, bure, hakuna anayekuuliza dini wala mshahara. Mtu wa kulia anakupa tende wa kushoto anakumiminia maji. Mi Mmoravian nafuturu kila mwaka.

Ukitaka utulivu peke yako bila kulala basi kuna maktaba kubwa ya Mohammed bin Rashid kule Al Jaddaf, ile jengo lake kama kibao cha kuwekea msahafu, ilifunguliwa 2022, unawekesha nafasi mtandaoni kwanza. Metro ya kijani unashukia kituo cha Creek.

Kijana wa Chumbageni:

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya. Nimesoma kila neno, ya Mgeni wa Kyela niliisoma mara mbili usiku maana kweli majina nilikuwa nayajua mawili tu kati ya watano.

Kwanza off. Kuna Mpakistani mwenzangu stoo anataka Ijumaa nzima kwa ajili ya swala na binamu zake, tukaenda wote kwa supavaiza, tumekubaliwa yeye Ijumaa mimi Jumapili, mpaka mwisho wa mwaka. Nilikuwa nadhani hawawezi kukubali kumbe sikuwahi kuuliza.

Pili nimepika. Nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye lile jiko letu la plate mbili, wale wa zamu ya usiku niliwasubiri waamke saa kumi jioni. Mmoja wa Peshawar alionja akanyamaza, akatoka, nikajua nimemchokoza na pilipili, kumbe kaenda kununua mikate ya tanuri kumi ya chumba kizima. Taa iliwaka chumbani mpaka saa mbili. Amenionyesha picha za bintiye ana miaka minne anaogopa kuku.

Kwenye abra nimeenda mara mbili, zote sijasikia Kiswahili, ila nitaendelea. Wa chai wiki iliyopita alinitikisia kichwa.

Nesi ahsante kwa lile la mchango, nilikuwa karibu kurusha tangazo la harusi ya dada. Na Baharia, Jumapili hii niko Al Sabkha saa kumi na moja kamili, nitavaa jezi ya Coastal Union, nyekundu na nyeupe, huwezi kunikosa.

Baharia Mstaafu:

Jezi ya Coastal hapa Creek! Nitakuona toka mbali. Njoo na sarafu mdogo wangu, dereva huwa hana chenji.