Nikikasirika sukari inapanda, au natafuta kisingizio?

Swali
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina kisukari aina ya pili, huu mwaka wa sita. Juzi asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, nilipima sukari nikakuta 6.8 (mmol/L). Mara mdogo wangu akapiga simu, tukazozana karibu nusu saa kuhusu nani amuuguze baba. Nilipokata simu mikono inatetemeka. Napima tena: 9.4! Sijala chochote. Kwenye daftari la kliniki nikaandika 6.8 tu, ile nyingine nikaimeza. Hasira inaweza kufanya hivyo kweli, au nataka mtu wa kumlaumu?

Jibu la 1
Inaweza, ndugu. Ukipandwa na hasira mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, ini nalo linafungua ghala lake la sukari, eti ukapigane au ukimbie. Wewe umekaa na simu sikioni, hukimbii popote, sukari inabaki kwenye damu. Ila usimbebeshe mdogo wako yote. Kwa wengi wetu ini humwaga sukari alfajiri hata bila ugomvi.

Jibu la 2
Mie limenigusa hilo daftari. Mwaka wa 14 huu naugua, na miwili kati ya hiyo nilipika namba. Nilikuwa na kalamu tatu, wino tofauti, ili ionekane nimeandika siku mbalimbali (aibu ina ufundi wake). Daftari linasema 6, 7, 6. Kikaja kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c: 10.1%, juu sana. Daktari akatazama daftari, akatazama karatasi ya maabara, akanyamaza. Bora angenigombeza.
Siku hizi kando ya namba naweka herufi: H ya hasira, W ya wasiwasi, U ya usingizi mbovu. Nilidhani nina tatizo la H. Mwezi ulipoisha, U zimejaa ukurasa.

Jibu la 3
Kwenye kutetemeka, angalizo: sukari ikishuka nayo inatetemesha, jasho, moyo kwenda mbio. Hapo usijiambie ni hasira tu, pima. Ikiwa chini ya 4, chukua sukari haraka, gramu 15 hivi, upime tena baada ya dakika 15.

Muuliza swali
Asanteni. Dada wa kalamu tatu, umenichekesha hadi machozi. 9.4 nimeirudisha, na H yake kubwa. Ya baba bado hatujaelewana.