Wino wa maji niliotengeneza mwenyewe umeziba kichwa cha printa: nimekosea wapi?

Mwenye Steshenari, Malimbe

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Malimbe, Mwanza, na printa yangu ni ya matanki ya wino, yenye kichwa cha piezo, si kile cha kuchemsha wino. Wino uliponiishia katikati ya msimu wa wanafunzi kuwasilisha tafiti zao, niliamua kujaribu kuutengeneza. Nilichemsha maji ya bomba, nikayachuja mara nne kwa kitambaa cha pamba, nikatia rangi ya unga ya kutilia nguo, vijiko viwili vya glisarini na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo.

Kurasa thelathini za kwanza zilitoka safi hata nikajisifu. Asubuhi yake, nilipochapa ukurasa wa kukagua nozeli (vitundu vya kutolea wino), mistari ya nyekundu ilikuwa imekatikakatika kama kitana kilichong'oka meno, na pembezoni mwa nozeli palikuwa na unga mweupe ulioganda. Wino uliobaki chupani, baada ya wiki mbili, umeota utando unaoteleza. Naomba kueleweshwa kila kosa na sababu yake, kwa maana jibu la "nunua wa dukani" ninalijua tayari.

Fundi Printa, Kirumba

Ndugu yangu, kwanza kiokoe kichwa. Toa wino wote, kisha pitisha maji ya betri (maji yaliyotolewa madini) ya uvuguvugu kwa sirinji na mpira laini, taratibu, bila kulazimisha. Soma chupa kabla ya kuinunua, kwa sababu dukani maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja.

Unga mweupe uliouona, kwa uzoefu wangu, ni chumvi. Rangi nyingi za nguo huuzwa zikiwa zimechanganywa na chumvi ya kawaida au salfeti ya sodiamu ili nguvu ya rangi ilingane kila pakiti, na chumvi hiyo haina madhara kwenye sufuria ya batiki. Lakini kwenye tundu lenye upana wa mikroni 20 au 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), maji yanapokauka usiku, hubaki kizibo. Sabuni nayo ilileta povu. Kichwa cha piezo hufanya kazi kwa kukibana chumba kidogo chenye wino, na kiputo cha hewa kikiingia humo huwa kama sirinji yenye hewa: unasukuma, hewa ndiyo inayobonyea, na dawa haitoki.

Mwalimu wa Kemia, Ilemela

Fundi amesema kweli. Mimi nitaongeza jambo moja ambalo naona ndilo lililokuponyoka: ulianza na rangi, na rangi ndiyo inayopaswa kuja mwisho. Tengeneza kwanza kimiminiko kisicho na rangi kabisa, ukipime, ukipitishe kwenye kichwa cha printa mbovu, na kikikubali ndipo uongeze rangi. Kimiminiko hichohicho kitakufaa pia kusafishia.

Kimiminiko hicho kina mambo mawili ya kupimwa. La kwanza ni mnato, yaani uzito wa kimiminiko kinapotiririka. Vichwa vya piezo vya printa za mezani hutaka takriban milipaskali-sekunde 3 hadi 5, ilhali maji matupu yana 1. Maji yenye glisarini asilimia 20 kwa uzito hufikia karibu 1.8 katika nyuzi 20 za Selsiasi, na yenye asilimia 40 hufikia karibu 3.7. Hata hivyo, ukitia glisarini asilimia 40 karatasi itatoka mbichi na kuchafua vidole vya mteja, kwa hiyo watengenezaji hupunguza glisarini na kuiongezea glaikoli (kimiminiko kinachofanana nayo) pamoja na glaikoli etha, ambayo husaidia wino kuzama kwenye karatasi. La pili ni mvutano wa uso, yaani nguvu inayokusanya kimiminiko kiwe tone. Maji yana milinyutoni 72 kwa mita, nao wino unatakiwa kuwa kati ya 30 na 40 hivi; ukizidi hapo haujazi mifereji ya kichwa vizuri, na ukipungua sana unafurika juu ya bamba la nozeli.

Huhitaji maabara kulikadiria hili la pili. Chukua sirinji ya mililita 1 yenye sindano, uishike wima, uhesabu matone ya maji safi polepole; kisha rudia kwa kimiminiko chako kwa sindano ileile. Kadiri mvutano unavyopungua, ndivyo tone linavyokuwa dogo na idadi inavyoongezeka, kwa uwiano unaokaribiana na ukweli. Ikiwa maji yametoa matone 20, wino unaofaa utatoa kama 40.

Kuhusu maji, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi kloridi, na kiasi kikubwa cha madini hubaki palepale. Tumia maji yaliyoondolewa ayoni, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka. Trietanolamini kidogo, ambayo ni besi, itashikilia pH (kipimo cha asidi na besi) kati ya 7.5 na 9, kwa kuwa rangi nyingi za wino hushuka chini kama matope zikiingia kwenye asidi. Utando wa chupani ni bakteria na kuvu: weka kiuavijidudu cha viwandani, kwa mfano benzisothiazolinoni, ambacho kama asilimia 0.1 inatosha, na uvae glavu kwa sababu huwasha ngozi. Kitambaa cha pamba sahau, kwani matundu yake ni makubwa mara nyingi kuliko uchafu unaoutafuta, tena chenyewe hutoa nyuzi. Tumia chujio la sirinji la mikroni 0.45. Na tafadhali, usihifadhi chochote kati ya hivi katika chupa ya maji ya kunywa.

Mchapaji wa Fulana, Igoma

Nakubaliana na Mwalimu isipokuwa kwenye kupunguza glisarini. Kati ya Juni na Agosti, upepo mkavu unapoingia dukani kutwa nzima, wino wenye glisarini kidogo hukauka kwenye nozeli kabla ya saa ya chakula. Afadhali karatasi ichelewe kukauka. Wino mweusi wa pigmenti usiuguse kabisa. Pigmenti haiyeyuki, ni chembe zinazopaswa kusagwa hadi chini ya mikroni 0.2 na kuzuiwa zisishikane tena, na kazi hiyo haifanyiki chumba cha nyuma.

Mwenye Steshenari, Malimbe

Nashukuru sana. Kichwa kimerudi, isipokuwa nozeli mbili za nyekundu. Nimetengeneza gramu 100 zisizo na rangi: maji gramu 68, glisarini 18, propilini glaikoli 8 na glaikoli etha 6. Maji yametoa matone 21, kimiminiko matone 39. Je, niongeze rangi sasa?

Mwalimu wa Kemia, Ilemela

Ukikadiria kwa matone hayo, mvutano wako uko karibu na 39, unakubalika. Ila sioni kiuavijidudu wala trietanolamini kwenye orodha yako, vitie kwanza. Kisha gawa sehemu mbili, moja uiweke kwenye friji na nyingine dirishani penye jua, kwa wiki mbili. Ikiwa zote zimebaki angavu bila tope wala harufu, tafuta rangi iliyosafishwa chumvi kwa ajili ya wino, utie gramu 3 katika kila gramu 100, uchuje, na urudie kuhesabu matone, kwa sababu rangi nayo huubadilisha mvutano. Kuhusu hoja ya ndugu yetu wa Igoma, gramu 18 zako zinatosha ukiifunika mashine usiku na kuchapa ukurasa mmoja wa rangi zote kila unapofungua duka.