rsync inanakili faili zote upya kila mara: -u, --size-only, --modify-window au -c?

PembeTatu
Wakuu, naomba tulinganishe machaguo ya rsync, programu ya kunakili na kusawazisha faili. Amri yenyewe:

`rsync -rv picha/ /media/nje/picha/`

Chanzo kiko kwenye mfumo wa faili wa ext4 (wa Linux), diski ya nje ni FAT32, jumla GB 140. Hakuna picha iliyoguswa, lakini amri ikirudiwa zote zinaandikwa upya. Nimeona yanatajwa manne: -u, --size-only, --modify-window=1 na -c. Lipi linamaliza tatizo bila kuzaa lingine? Na -a inatoa mistari mingi ya "chown ... Operation not permitted" (chown ni kubadili mmiliki wa faili), mwishoni inafunga kwa kodi ya kosa 23.

Shanga64
Weka -u tu mkuu. Itaruka kila faili ambayo nakala yake kwenye diski ni mpya kuliko ya chanzo, na kwa amri yako zote ni mpya.

Waya_Mwekundu
Hapana Shanga, hapo tunaficha dalili. Kwa kawaida rsync haisomi yaliyomo ndani ya faili. Inatazama ukubwa na muda wa kubadilishwa, basi. Kimojawapo kikitofautiana, inanakili. Sasa -r (kuingia folda zote za ndani) peke yake haibebi muda: nakala inapewa saa iliyoandikwa kwenye diski, kwa hiyo safari ijayo muda haulingani na kazi inaanza upya. Kinachokosekana ni -t, inayohifadhi muda huo.

Iulize yenyewe kabla ya kuongeza chochote:

`rsync -rni picha/ /media/nje/picha/ | head`

-n inazuia kuandika, -i inataja sababu mbele ya kila jina. Utaona `>f..T......`. Ile s ya ukubwa haipo, maana yake ukubwa uko sawa. T kubwa inasema muda umetofautiana na wala hautahifadhiwa. Ukiweka -t inakuwa t ndogo. Faili ambayo haipo kabisa upande wa pili ni `>f+++++++++`. Ukizoea kusoma hizo herufi 11, maswali mengi ya rsync yanajijibu.

Ubaya wa -u: ukirudisha picha ya zamani kutoka kwenye chelezo, ikiwa na tarehe yake ya zamani, -u itaiona ya diski ni mpya na kuiruka. Diski inabaki na ile mbovu, bila onyo. Ukichanganya na --inplace (kuandika moja kwa moja juu ya faili iliyopo) ni hatari zaidi. Kazi ikikatika katikati, faili iliyoandikwa nusu inabaki na muda wa sasa hivi, na -u itaiacha hivyo hivyo.

Ngalawa
Naongezea upande wa FAT, maana -t haitoshi. FAT inahifadhi muda kwa hatua za sekunde 2. Picha ya 10:15:07 inasomeka 10:15:06 kwenye diski. Utaweka -t, na bado karibu nusu ya faili zitarudiwa, zile zenye sekunde witiri. Hapo ndipo --modify-window=1 inapohitajika: inakubali tofauti ya sekunde 1.

Ukikuta tofauti ni saa 1 kamili kwa faili zote, hilo ni jambo jingine. FAT inaandika saa ya mahali bila kutaja ukanda wake, basi saa za mfumo zikisogezwa, faili zote zinaonekana zimehama. Kama diski inatumika kwenye Linux peke yake, ipachike (mount) kwa chaguo la `tz=UTC`.

Kuhusu -a: ni kifupi cha -rlptgoD (humo o ni mmiliki, g ni kundi, p ni ruhusa). FAT haina mmiliki wala kundi, ndiyo maana chown inagoma. Tumia -rt. Ukiitaka -a, makatazo yaje baada yake: `-a --no-o --no-g --no-p`. Ukiandika `--no-o -a`, -a inarudisha kile ulichokataza, kwa sababu la mwisho ndilo linaloshinda.

PembeTatu
Nimeelewa. Lakini nakala zilizopo tayari zina muda usio sahihi. Nikiweka -t leo si zitaandikwa upya zote mara moja zaidi?

Shanga64
Zitaandikwa. Unaweza kukwepa kwa kuendesha mara moja `rsync -rt --size-only`. Faili zenye ukubwa sawa hazinakiliwi, zinarekebishwa muda tu.

Waya_Mwekundu
Ni kweli, na ni haraka, ila jua mtego wake. Chukua faili ya mipangilio yenye `port=8080` iliyobadilishwa kuwa `port=8081`. Ukubwa ni ule ule, kwa hiyo --size-only inaiacha na maandishi ya zamani, halafu -t inaipa muda mpya. Kuanzia hapo rsync ya kawaida itaamini ziko sawa daima. Kosa limefungiwa ndani.

Mara hiyo moja ningetumia -c:

`rsync -rtci --modify-window=1 picha/ /media/nje/picha/`

Inasoma faili zote pande zote mbili na kulinganisha cheksamu (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo). Zilizo sawa zinarekebishwa muda, zilizotofautiana zinanakiliwa. Kwa diski inayosoma MB 100 kwa sekunde, GB 140 ni dakika 23 hivi. Baada ya hapo ondoa -c. Kuiweka kila siku ni kusoma diski nzima bure.

PembeTatu
Sawa. Na --delete (kufuta kwenye diski visivyopo kwenye chanzo) naiongeza hapo hapo?

Ngalawa
Iendeshe kwanza na -n, utafute mistari ya `*deleting`. Angalia sana mkwaju (/) wa mwisho. `picha/` ni yaliyomo ndani ya folda, `picha` ni folda yenyewe. Ukiandika `--delete picha/ /media/nje/`, kila kitu kingine kilichopo kwenye /media/nje kinafutwa. Ukiusahau mkwaju, `picha /media/nje/picha/` inatengeneza picha/picha na kujaza diski mara mbili. Na faili ulizozitaja kwenye --exclude (za kurukwa) hazifutwi upande wa pili mpaka uweke --delete-excluded.

Shanga64
Nimekubali kuhusu -u. Pembe, kama kuna video humo, FAT32 haipokei faili ya GiB 4 kamili au zaidi. Hiyo itagoma kwa "File too large", na hapa hakuna chaguo la rsync litakalosaidia. Badilisha umbizo la diski liwe exFAT.