Naombeni ushauri: bunduki yangu ya kwanza ya marisau (punje ndogo ndogo) na risasi zake (Minnesota)

Msafiri_MN
Wakuu, salamu kwenu. Naishi Brooklyn Park, nina grini kadi. Mwenzangu kazini amenialika kuwinda fezanti, ndege wa porini jamii ya kuku, upande wa Marshall msimu ukifunguliwa Oktoba. Sijawahi kumiliki bunduki. Kozi ya usalama wa uwindaji nimeshajiandikisha, maana Minnesota inaidai kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979.

Nina dola 450, risasi zikiwa humo humo. Muuzaji wa dukani ananisukumia geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) inayojipakia yenyewe, ya kupokea mpaka risasi za inchi 3½. Huyo mwenzangu naye ana ya marehemu babu yake, geji 12 ya mitutu miwili, anataka dola 200. Kwenye rafu ya risasi ndiyo nimepotea kabisa: namba 4, namba 6, namba 7½, chuma, inchi hizi na zile. Mimi ni mtu wa kilo 62, na nyumbani nina watoto wawili wadogo. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Nyika
Mdogo wangu, hiyo ya inchi 3½ mwachie muuzaji. Urefu huo unawafaa wanaowinda mabata bukini kwa marisau ya chuma. Fezanti anaanguka vizuri kwa inchi 2¾. Risasi nzito itakuumiza bega, na mtu anayeogopa bega lake hufumba macho kabla ya kufyatua. Ukishazoea kufumba, kuacha ni kazi.

Tafuta pampu iliyotumika, yaani ile unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma mshikio ulio chini ya mtutu. Remington 870 na Mossberg 500 zimejaa madukani huku, vipuri vyake vipo, na kila fundi anazijua. Bei ya iliyotumika itakubakishia hela ya risasi za mazoezi, ambazo ndizo zitakazokufundisha.

Kabla hujaangalia bei, angalia kama inakukaa. Hakikisha haina kitu ndani, elekeza mtutu pasipo na mtu, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Jicho likikuta linatazama sawasawa juu ya mtutu, kitako kinakufaa. Ukilazimika kunyoosha shingo au kuinama, kitako ni kirefu au kifupi mno kwako. Jaribu ukiwa umevaa koti, Oktoba kule kuna baridi.

Bint_Likoni
Shikamoo mzee. Msafiri, kwa kilo 62 mimi nakushauri uzijaribu geji 20 pia. Napiga visahani vya udongo, vile vinavyorushwa hewani kwa mazoezi, na geji 20 na bega langu halilalamiki. Namba ya geji inakwenda kinyume na unavyodhani: geji 12 maana yake mipira 12 ya madini ya risasi inayoenea mtutu huo ina uzito wa ratili moja. Kwa hiyo 20 ni nyembamba kuliko 12.

Hapa naomba unisikilize sana. Usichanganye risasi za geji hizi mbili mfukoni, hata siku moja. Ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza na kukwama mbele ndani ya mtutu. Unadhani hujapakia, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wako. Ndiyo maana huku ganda la geji 20 hutengenezwa la njano.

Fundi_wa_Chuma
Naongezea kuhusu hiyo ya babu. Bunduki za zamani nyingi chemba yake, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni fupi. Shida ni kwamba urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka, yaani baada ya kupigwa. Risasi ya inchi 3 inaweza kuingia vizuri tu kwenye chemba ya inchi 2¾, wewe ukaona mambo sawa. Ikifyatuliwa ganda halina nafasi ya kufunguka, na msukumo ndani unapanda. Kuingia kwake hakukuhakikishii chochote. Soma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, na kama hayasomeki usinunue.

Ukiipenda, ipeleke kwanza kwa fundi wa bunduki aipime. Na marisau ya chuma usiyapitishe kwenye mitutu ya zamani. Chuma ni kigumu, hakibonyei kama madini ya risasi, kinaharibu mdomo wa mtutu uliobanwa sana.

Msafiri_MN
Asanteni sana. Basi ya babu naiacha. Sasa zile namba?

Mzee_wa_Nyika
Namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo. Mazoezi ya visahani: 7½ au 8. Fezanti: 5 au 6 kama ni marisau ya madini ya risasi. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo panda punje kubwa zaidi kwa namba kama mbili: badala ya 6 chukua 4, na wengi huenda mpaka 3 au 2.

Muulize mwenzako mtawinda ardhi ya nani. Magharibi ya Minnesota yamejaa maeneo ya shirikisho ya kuzalishia ndege wa majini, na humo marisau ya risasi hayaruhusiwi hata kwa fezanti. Kwa bata, marufuku hiyo ni ya Marekani nzima tangu 1991. Ukinunua boksi za chuma moja kwa moja, huna haja ya kubadilisha ukivuka uzio. Na unapiga majogoo tu, jike haguswi. Usisahau vazi la rangi ya machungwa kali.

Ustaadh_Columbus
Kama ni Mwislamu, taja Bismillahi kabla ya kufyatua, na ukimkuta ndege bado ana uhai mchinje. Beba kisu. Akifa kabla hujamfikia, wanazuoni wana kauli tofauti kuhusu marisau, kwa hiyo muulize shehe wako mapema, si porini. Na nyama ipekueni punje zote kabla ya kuwapa watoto.

Bint_Likoni
Dukani utajaza fomu 4473, ya shirikisho kwa wanaonunua bunduki. Inauliza uraia na hali yako ya uhamiaji, uwe na kadi mkononi. Inauliza pia kuhusu bangi, na ruhusa ya Minnesota haibadilishi sheria ya shirikisho inayoikataza. Jibu kweli tupu, kwa mhamiaji uongo pale ni hatari mara mbili.

Msafiri_MN
Nimeelewa, dada. Na watoto?

Fundi_wa_Chuma
Kabati la chuma lenye kufuli, bunduki tupu ndani. Risasi chumba kingine, zifungiwe peke yake, ufunguo ukae nawe. Minnesota inamshtaki anayeacha bunduki iliyopakiwa mahali mtoto anapoweza kuifikia. Toa dola 100 za kabati kwenye bajeti yako kwanza, ndipo uhesabu iliyobaki ni bunduki ya bei gani.