Naomba ushauri: mzee aache mayai au aendelee?

Habari zenu wakuu. Tuko Igoma, Mwanza. Baba yangu ana miaka 63 na mayai ndiyo starehe yake: kila asubuhi mawili ya kienyeji, ya kukaanga na kitunguu na hoho, kiini bado laini, anafutia na chapati. Majuzi kapima, kolesteroli mbaya imepanda kidogo. Majirani wanasema aache kabisa.

Nimesoma nikachanganyikiwa. Mwaka 1968 American Heart Association (chama cha afya ya moyo cha Marekani) ilishauri viini visizidi vitatu kwa wiki. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015–2020 ukaondoa kikomo cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku (yai kubwa lina kama 186), mkazo ukabaki kwenye mafuta yanayoganda. Kwa hiyo mimi nayashuku zaidi mafuta ya mawese tunayokaangia, pamoja na chipsi mayai za jioni.

Kisukari hana, presha iko sawa. Wenye uzoefu na wataalamu wa afya, mnasemaje: abaki na moja la kuchemsha, au apokezane na sato? Sitaki kumnyima mzee anachokipenda bila sababu. Na apime tena baada ya muda gani?