Mrejesho: kesi ya mdogo wangu aliyegongwa na daladala

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa bodaboda aliyevunjwa mguu na daladala, mwenye gari akitwambia tumdai dereva, yeye hamo. Hukumu imetoka. Tumeshinda, ingawa si kwa kiasi tulichoomba.

Utetezi wa tajiri haukufika mbali: dereva alikuwa kazini kwake, kwa hiyo uzembe wake unambana mwajiri. Dereva alishatiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki, na hilo lilitubeba sana, maana kwenye madai inatosha upande wako uaminike kuliko wa pili.

Kwenye pesa ndipo tulipochubuka. Hasara mahususi (pesa halisi iliyokutoka au uliyoikosa) lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Hospitali tulikuwa na risiti, tumepewa zote. Kipato cha boda alichokosa hakina karatasi, hakimu kakitupa (bodaboda gani anatoa risiti jamani?). Fidia ya jumla, ile ya maumivu, amekadiria mwenyewe.

Walioniuliza muda: ukomo wa kufungua madai ya namna hii Tanzania ni miaka 3. Wakili wao anatishia rufaa, tunamsubiri.