Kuoanisha daftari la zahanati na takwimu za sensa, Kasulu

Mwanafunzi wa Kasulu
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaandaa utafiti wa malaria kwa watoto walio chini ya miaka 5, na nimekwisha kunakili Kitabu Na. 5 cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya), yaani daftari la wagonjwa wa nje, katika zahanati mbili: jina, umri, kijiji na majibu ya kipimo. Ningependa kumwoanisha kila mtoto na kaya yake katika Sensa ya 2022, nione kama paa la nyasi na la bati yanaleta tofauti. Je, Ofisi ya Taifa ya Takwimu itanipa majina?

Mtakwimu, Tabora
Usipoteze nauli. Sheria ya Takwimu hairuhusu kutoa taarifa inayomtambulisha mtu au kaya. Unachoweza kupata ni idadi ya watu wa kila kata, ambayo imechapishwa, kisha ukakadiria watoto kwa mgawanyo wa umri. Hapo una kigawanyo, yaani idadi ya watoto ya kugawanyia wagonjwa, lakini si jibu la paa. Na kigawanyo chenyewe kina mtego: mimi niliwahi kugawanya hivyo nikapata wagonjwa wengi kuliko watoto wa kata nzima, kwa sababu zahanati ilikuwa kando ya barabara na nusu ya waliotibiwa walitoka kata jirani. Safu ya kijiji uliyoinakili ndiyo itakayokuokoa.

Muuguzi mstaafu, Uvinza
Hata majina ungepewa, mwanangu, yangekusumbua. Mtoto yule yule leo ameandikwa Bigirimana, mwezi ujao Bigilimana, na safari ya tatu kwa jina la ubatizo peke yake. Mama akisema "anakwenda miaka mitatu", mmoja wetu huandika 2, mwingine 3. Kule Kisesa, wilayani Magu, ambako kaya zimekuwa zikiorodheshwa tangu 1994, watafiti waliona ni heri karani akae kliniki na kumtafuta mgonjwa katika orodha akiwa amekaa mbele yake, kwa ridhaa yake. Wewe huna orodha ya namna hiyo, basi muulize mama habari za paa palepale kwenye benchi, kabla hajaitwa dirishani. Lakini hayo majina uliyonakili, kibali chako kinayataja? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Mwanafunzi wa Kasulu
Nashukuru, mama. Nimekisoma upya kibali: kinataja umri, kijiji na majibu tu. Kesho naanza kuyafuta majina, niweke namba.